Mahojiano ya udaktari na uzamivu kwa pamoja: ninavyowaandaa vijana wetu wa Lamu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaa wetu, Mkomani, alikuja barazani kwetu baada ya isha na daftari la kurasa 96 lililojaa majibu. Ameitwa kwenye mahojiano ya chuo kimoja cha Marekani, programu ya kusomea udaktari na utafiti kwa pamoja, ile wanayoiita MD-PhD. "Dada," akaniambia, "nimekariri maswali 40. Niulize lolote." Nikamuuliza kwa nini anataka shahada zote mbili. Alijibu kwa Kiingereza kizuri, sentensi nne, bila kusita hata kidogo, na katika zote nne sikumwona yeye.

Nikamwomba afunge daftari. Tulikaa mpaka saa 5 usiku, chai ya tangawizi ikapashwa moto mara 2. Ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka. Mimi mwenyewe nimepita hapo mara 2. Mwaka 2019 nilikataliwa kila nilikoomba, mwaka 2020 nikakubaliwa. Sasa niko mwaka wa tano wa programu, katikati ya miaka ya maabara.

Jua unaombea nini

Masomo haya huchukua miaka 7 au 8, na wengine huzidisha. Miaka 2 ya mwanzo unakaa darasani na wanafunzi wa udaktari. Kisha unawaacha waende zao, unaingia maabara kwa miaka 3 hadi 5 mpaka utetee tasnifu yako, halafu unarudi wodini kumalizia udaktari. Wenzako ulioanza nao wakati huo wanaitwa daktari, na wewe ndiye unayewauliza dawa inaandikwa vipi. Mhoji anataka kuona kama jambo hilo umelikalia ukalifikiria, kwa hiyo likalie kweli.

Halafu kuna pesa. Programu nyingi hukulipia karo na kukupa posho ya kuishi. Taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, zimekuwa zikigharamia programu hizi tangu 1964, lakini fungu hilo ni la raia na wenye ukaazi wa kudumu. Sisi wa pasipoti ya Kenya tunategemea vyuo vinavyotoa mfukoni mwao, navyo ni vichache. Kabla hujalipa ada ya maombi hata moja, iandikie ofisi ya programu na uulize waziwazi: mnapokea mwanafunzi wa kigeni, na mkimpokea, mnamlipia? Vingi pia vinataka uwe umesoma chuo huko Marekani au Kanada. Kijana wangu amesoma huko shahada ya kwanza, kama mimi. Kama wewe uko hapa nyumbani, njia yako ni kumaliza udaktari hapa kwanza kisha uingie uzamivu. Kilifi, mwendo mfupi tu ukishapita Malindi, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, kilichoanza 1989, na wako Wakenya waliopatia uzamivu wao pale. Usipite hapa ukidhani makala haya si yako. Maswali utakayoulizwa huko ni haya haya.

"Kwa nini zote mbili?"

Swali hili utaulizwa na kila mtu, pengine mara 5 kwa siku moja. Jibu lake usilitafute kwenye mtandao. Litafute nyumbani kwenu.

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 8. Mvua zilikuwa haba, na watu walijaza maji kila chombo kilichopatikana: mitungi, mapipa, ndoo za rangi. Homa ikaingia Lamu. Mwanzo tulidhani ni malaria. Nyanya yangu alishikwa Ijumaa, na kufika Jumapili hakuweza kuinua kikombe. Vifundo vya mikono vilimvimba hata bangili hazikutoka. Homa yenyewe haikumaliza wiki, ila maumivu ya viungo yalikaa naye miezi. Ngazi za nyumba zetu mnazijua zilivyo, nyembamba na za kwenda juu. Alizishuka kwa kukaa, kipandio kimoja baada ya kingine, na mimi mbele yake nimeshika kanga yake.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, ndipo nilipojua kuwa ile ilikuwa chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu wanaozaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa. Jina lake ni neno la Kimakonde linalozungumzia kujikunja kwa maumivu. Watafiti walipopima damu za watu wa Lamu walikuta kama robo tatu ya waliopimwa wameshaambukizwa. Kutoka kwetu virusi vilionekana Mombasa, mwaka 2005 vikawa Ngazija, kisha kisiwa cha Réunion, ambako kama theluthi ya watu waliugua. Kisiwa chetu kimo ndani ya historia ya ugonjwa huu, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo shuleni.

Hapo nilipata jibu langu. Swali langu ni hili: kwa nini viungo vinaendelea kuuma hali virusi vimekwisha katika damu? Nimelipata kwa mgonjwa, kwenye ngazi, na wodini halijibiwi. Linajibiwa maabara, kisha jibu linarudishwa kwa mgonjwa mwingine aliyekaa kwenye ngazi yake. Nataka kuwa mtu anayekwenda na kurudi baina ya sehemu hizo mbili.

Ukisema hivyo watakubana zaidi. Wako madaktari wengi wanaofanya utafiti bila uzamivu, kwa nini usiwe mmoja wao? Swali hilo ni la haki, na usilikwepe. Mimi nilisema ninataka kufunzwa kwa miaka kubuni swali langu na kulijaribu mwenyewe, si kujifunza kwa kuibia muda baina ya zamu. Watakuuliza pia utagawaje wiki yako baada ya miaka 15. Wanaolelewa na programu hizi wanatarajiwa kuwa watafiti kwanza. Utasikia watu wakitaja asilimia 80 kwa utafiti na 20 kwa wagonjwa. Mtu anayejibu nusu kwa nusu, na jioni afundishe, na Jumamosi aende kliniki, anaonyesha hajawahi kukaa na mtu mwenye kazi hiyo akamuuliza siku yake inakwendaje.

Eleza utafiti wako kama unaujua

Hapa ndipo nilipoangukia 2019, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Nilikuwa nimefanya kazi kwenye maabara ya virusi. Tulitumia chikungunya iliyodhoofishwa, aina ya 181/25, kwa sababu ile kali inataka maabara yenye ulinzi wa juu zaidi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu virusi hai. Unazitandaza seli kwenye vishimo vya sahani mpaka zifunike chini yote kama mkeka. Unatia virusi ulivyokwisha kuvizimua. Unamimina juu yake ute mzito, unasubiri siku mbili tatu, kisha unatia rangi. Seli zilizo hai zinashika rangi ya zambarau. Pale virusi vilipoua seli panabaki tundu jeupe, kama tundu la nondo kwenye kanga. Unahesabu matundu, unazidisha kwa kiasi ulichozimua, umepata idadi.

Nilieleza hayo yote vizuri. Mhoji, mzee mpole, akaniuliza, "Ule ute mzito ni wa nini?" Nikajibu kwamba ndivyo utaratibu wa maabara yetu ulivyo. Akanyamaza kidogo, akauliza tena kwa njia nyingine. Nikarudia lile lile. Nilikuwa nimeumimina ule ute mara mia na zaidi, na sijawahi kujiuliza.

Sababu yake ni nyepesi. Bila ule ute, virusi vinavyotoka kwenye seli moja vingeogelea kwenye maji mpaka upande wa pili wa kishimo na kuambukiza kila mahali, na mkeka wote ungekufa bila tundu la kuhesabika. Ute unavizuia, vinafika kwa seli za jirani tu, na ndiyo maana tundu moja lina asili ya kirusi kimoja. Hesabu yangu yote ilisimama juu ya ute ule. Barua za kukataa hazielezi sababu, lakini mimi najua ni kwenye swali gani nilipotelea.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua kazi yako, iandike hatua kwa hatua, na kando ya kila hatua andika kwa nini inafanywa na nini kingetokea usingeifanya. Usiruke hata ya kuosha sahani. Kisha jiulize umejuaje kwamba matokeo si ya kitu kingine. Mimi nilikuwa na vishimo visivyotiwa virusi, kuhakikisha seli hazifi zenyewe, na nilisahau kuvitaja kwa sababu kwangu vilikuwa kazi ya kila siku. Vitaje. Jua pia ni matokeo gani yangekuthibitishia kwamba ulikosea.

Halafu andaa maelezo ya urefu wa aina tatu: ya nusu dakika, ya dakika 2 na ya dakika 10. Ya nusu dakika ndiyo magumu. Soma upya insha zako za maombi usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa sababu mhoji anazo mkononi. Ile ya utafiti peke yake inaruhusiwa herufi 10,000, na kila jambo uliloliandika humo umekaribisha swali. Wahoji wengine hawakupewa faili lako kabisa. Huyo anza naye kama mtu aliyeingia sasa hivi kutoka barabarani.

Kuna jambo la malezi yetu ambalo lazima tulizungumze. Sisi tumelelewa tusijisifu. Mtoto mwenye adabu husema "tulifanya", hata kama alifanya peke yake, na mbele ya mkubwa anashusha macho. Adabu hiyo naipenda na sitaki mtu aniondolee. Lakini mhoji akisikia "tulifanya" mara 10 haelewi wewe ulifanya nini, na hapo anaandika kwamba hujui. Sema "mimi nilihesabu", "mimi niliona namba haziendi, nikamwambia msimamizi wangu", kisha mtaje aliyekufundisha kwa heshima yake. Kusema kweli juu ya kazi yako ni kutoa ushahidi, na ushahidi unatolewa kwa kinywa wazi. Macho nayo, mahojiano yakiwa ya video, yaelekeze kwenye kamera, si kwenye picha ya mtu aliye skrini.

Usipojua, fikiri kwa sauti

Mwaka 2020 nilipata mhoji mmoja, mama wa makamo, mtafiti wa kinga ya mwili. Kwenye insha nilikuwa nimetaja birika la maji la nyumba yetu, lile hodhi la kujengwa. Wenye nyumba za mawe mnajua: ndani ya birika tunaweka samaki wadogo ili wavile viluwiluwi vya mbu, na chini tumezamisha bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Akaiweka karatasi kando, akauliza, "Basi nyumba zenye samaki ziliugua kidogo kuliko nyingine?"

Sikujua. Nikasema sijui, kisha nikasema ningelitafutaje jibu. Ningeanza kwa kuhesabu viluwiluwi kwenye birika zenye samaki na zisizo nao. Lakini nikajizuia mwenyewe: nyumba zenye samaki ni zile za mawe za kale, na wenyewe huenda wana kisima chao, huenda hawakuhitaji kujaza mapipa uani. Tofauti ikionekana, nitajuaje kwamba ni ya samaki na si ya nyumba? Afadhali nigawe samaki kwa kura kwa nyumba zisizo nao. Hapo likanijia jingine. Mbu wa chikungunya anauma mchana, na mchana mtoto yuko madrasa, baba yuko dukani Langoni. Anaweza kuumwa kwa jirani asiye na samaki akaja kuugua kwake, na mimi nikaandika kwamba samaki hawakusaidia.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo nisigawe kwa nyumba. Nigawe kwa mtaa."

Akachukua kalamu akaanza kuchora mitaa yenyewe, na dakika zilizobaki tulibishana mitaa mingapi ingetosha. Nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye mtihani wowote. Kumbe walitaka kunisikia nikifikiri.

Zoezi la kufanya kila siku: chagua jambo moja la nyumbani ambalo watu hulisema bila kulipima, uliza ungelipimaje, kisha jipinge mwenyewe mara 2. Na fuata habari za fani yako. Mimi nikimwandaa mtu humuuliza juu ya chanjo ya kwanza ya chikungunya, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2023 na leseni yake ikasimamishwa Agosti 2025 kwa hofu ya madhara makubwa. Ni chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa. Nani apewe, nani asipewe, na uzito wa hatari ni ule ule kwa mtalii mzee na kwa mtu anayeishi na mbu kila siku? Swali kama hilo ni la mtafiti na la daktari kwa wakati mmoja, na halina jibu la kukariri.

Upande wa wagonjwa usiudharau. Uwe umekaa karibu nao kweli, hata kwa kusukuma viti vya magurudumu, na uwe na mgonjwa mmoja wa kumkumbuka. Usimtaje jina wala usimtambulishe kwa njia yoyote.

Siku yenyewe, ukiwa Lamu

Tangu 2020 mahojiano mengi hufanywa kwa video. Mwaka ule nilikuwa nyumbani, nyanya alikuwa mgonjwa.

Anza na saa. Barua ikisema saa 9 kwa hesabu ya Kizungu, hiyo ni saa 3 asubuhi ya Boston. Kwetu ni saa 10 jioni mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, wao wakishasogeza saa zao inakuwa saa 11. Mimi niliisahau Jumapili hiyo nikafungua laptopu saa nzima mapema, na ile saa ya kuutazama uso wangu kwenye skrini ilinichosha kuliko mahojiano yenyewe. Andika saa zote mbili, kwa hesabu zote mbili, na umpe mtu mwingine azikague.

Kuta za mawe zinameza mawimbi ya simu. Nilihamia kwa mjomba, juu darini chini ya makuti, nikiwa na simu 2 za mitandao 2 tofauti zenye bando, na pawabanki iliyojaa. Laptopu ichajiwe tangu asubuhi, usingoje umeme wa jioni. Siku moja kabla, kaa hapo hapo saa ile ile uone jua linaangukia wapi. Mimi jua lilinipiga machoni nikageuza meza. Punda watalia na hakuna wa kuwanyamazisha. Nilimwambia kila mhoji mwanzoni kwamba mji wetu hauna magari, una punda, na kila mmoja alitaka kusikia zaidi.

Magharibi huingia katikati ya mahojiano, na adhana zitatoka kila upande. Wiki moja kabla niliiandikia ofisi kuomba dakika 10 baina ya mhoji wa pili na wa tatu, nikaeleza ni za sala. Walinipa 15. Omba mapema, kwa maneno machache, na usiombe radhi kwa kuwa Mwislamu. Nilivaa hijabu yangu ya kila siku na koti jeusi. Mazungumzo yalikwisha saa 5 usiku. Amri ya kutotoka nje kwa ajili ya korona ilianza saa 4 wakati ule, nikalala kwa mjomba.

Kikao cha kuzungumza na wanafunzi bila wahoji ni sehemu ya mahojiano. Hapo ndipo pa kuuliza yale yanayouma: wangapi wameacha katikati, watu humaliza kwa miaka mingapi hasa, msimamizi akihama chuo mwanafunzi wake anakwenda wapi, posho inatosha kodi ya nyumba? Uliza na mwanafunzi wa kigeni anashughulikiwa vipi mambo ya viza. Sikiliza nani anajibu haraka na nani anamtazama mwenzake kwanza.

Kila mhoji akiondoka, kabla hata ya kunywa maji, andika jina lake, swali lililokushinda na jambo moja mlilolizungumza. Baada ya wahoji 6 watakuchanganyikia wote. Kesho yake mtumie kila mmoja barua fupi ya shukrani yenye jambo lile lenu wawili. Mimi kwa yule mama niliongeza sentensi moja: kwamba nilikuwa nimekwenda kwenye birika nikahesabu samaki wetu, nao ni 7.

Kijana wangu anarudi Jumanne baada ya isha. Nimemwambia daftari aliache nyumbani, aje na baba yake mkubwa, fundi wa majahazi kule Matondoni. Maswali ya mwanzo atauliza mzee huyo, na kwa Kiswahili.